Siku Bi Zuwena Alipoitwa Nona

Naanza kwa kukiri, maana hata nikificha mtaisikia kwa wengine na wao wataitia chumvi: mimi ndiye yule mtu aliyesababisha bibi wa watu, mwenye afya zake, alazwe chini kando ya kaburi la watu wa kale, miguu juu ya katoni la soda, huku Wataliano wawili wanampepea na yeye anauliza kwa sauti kama ndiyo anazikwa. Ndiye mimi huyo. Na bibi mwenyewe hakuwa bibi yangu (angekuwa wangu angenizaba kofi yakaisha), alikuwa bibi wa msichana niliyekuwa nikimposa.

Sasa ngojeni niwaeleze tangu mwanzo, na msinikatize.

Thuraya alifiwa na baba yake akiwa mdogo sana, akalelewa na bibi yake mzaa baba, Bi Zuwena, kwao Al Amerat, huku Oman. Kwa hiyo ukitaka kumuoa Thuraya, ami zake wapo, watu wazima wenye vyeo na ndevu zao, lakini ukiwauliza wote wanakwambia neno moja, "Muulizeni Mama." Wazee wangu wakaenda na mimi nikaenda, tukapokewa vizuri, tukala halua, tukanywa kahawa, tukaambiwa tusubiri jawabu. Tukasubiri. Siku moja Bi Zuwena akampigia simu mama yangu akamwambia maneno ambayo sijapata kuyasikia kwa mtu aliyeposewa mjukuu wake: "Mama Nassor, mwanao nimemuona sebuleni, na sebuleni kila mtu ana adabu. Mie nnataka nimuone nje. Na atupeleke pahala siku moja, mie na Thuraya na wewe, nimuone jua linampiga na njaa inamuuma. Halafu ntatoa jawabu."

Mtihani, yaani, wa wazi kabisa, na hata siku ya kuufanya nimepewa niichague mwenyewe. Mtu mwenye akili angewapeleka Yiti, wakatandika mkeka ufukweni, samaki akachomwa, watu wakala wakarudi. Lakini mimi nilitaka nionekane.

Na hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Siku ile ya sebuleni Bi Zuwena aliniuliza kazi yangu, nikamwambia mimi fundi wa pampu za maji, nikaona uso wake haukubadilika (pampu haijapata kumbadilisha mtu uso), basi nikaongeza, "Nimesoma Italia." Ni kweli nilipelekwa Italia. Nilipelekwa wiki tatu, kwenye ghala moja nje ya mji mdogo ambao hata jina lake siwezi kulitamka, kufundishwa pampu ya aina moja, kwa Kiingereza, na jioni tunarudishwa hotelini kwa basi. Bi Zuwena akakaa sawa. Akauliza, "Basi na lugha yao unaijua?" Nami nikajibu, "Kidogo kidogo, Bibi," kwa ile sauti ya mtu anayeijua sana ila anajishusha. Mama akakohoa. Thuraya akanitazama kwa macho ambayo, wallahi, kwa macho yale ningesema najua na Kichina.

Kitaliano nilichokuwa nacho kilikuwa maneno manne au matano. Salamu, shukrani, "sì", "buono" ya kusifia chakula, na sentensi moja kamili ambayo mwalimu wetu alitukaririsha kila asubuhi kwa sababu ndiyo ya kumpigia nayo simu mhandisi wao: "La pompa è rotta." Maana yake pampu imeharibika. Ile nilikuwa naisema vizuri sana, hata mwalimu alinisifu.

Basi nikaona tangazo kwenye simu. Matembezi ya siku moja na kiongozi, asubuhi magofu na makaburi ya mawe ya watu wa kale juu ya vilima vya njia ya kwendea Yiti, mchana chakula cha barabarani cha Kitaliano, papo hapo chini ya kilima, kinapikwa na Mtaliano mwenyewe ndani ya gari lake. Nikasema hii imeandikwa kwa ajili yangu. Nikalipia watu wanne kabla sijamwambia mtu.

Mama nilipomwambia aliacha kukunja nguo. "Huyo Mtaliano ni wa kweli?"

"Wa kweli, Mama."

"Na wewe utamwambia nini?"

"Mama, Wataliano wote siku hizi wanasema Kiingereza."

"Haya," akasema, na mama yangu akisema haya si kwamba amekubali, anajitoa kwenye kesi mapema.

Jumamosi asubuhi tukatoka kwetu Ansab tukawapitia Al Amerat. Bi Zuwena ni mwanamke mkubwa, mrefu na mpana, akisimama mlangoni humuoni aliye nyuma yake, lakini siku ile alitoka mlangoni kwa mwendo wa msichana. Hajakaa vizuri ndani ya gari akamuuliza mama yangu, "Mama Nassor, unanionaje?"

"Mashallah, Bi Zuwena, umepungua."

"Kilo kumi na moja!" akasema. "Kwa miguu yangu hii. Kila alfajiri nnazunguka soko lile kubwa la ndani, maduka hata hayajafunguliwa, nazunguka mpaka walinzi wananipigia saluti. Mwaka mzima nnakula majani. Daktari kasema sukari imeshuka, presha imeshuka."

"Na kila Ijumaa anajipima," akasema Thuraya, "halafu anatupigia simu wote kutusomea."

Nilicheka na wao. Laiti ningeyasikiliza yale maneno badala ya kujitazama kwenye kioo cha gari.

Kiongozi wetu alikuwa mwanamke wa Kiomani anaitwa Amal, amesomea hasa mambo ya magofu, anasema Kiarabu na Kiingereza kwa zamu, na kundi letu lilikuwa la watu kama kumi na watano, wageni wengi wao. Tukapanda. Bi Zuwena akapanda mbele yangu bila kushikwa mkono. Juu kulikuwa na maboma ya mawe yaliyopangwa mviringo, mengine yameanguka, mengine yamesimama mpaka kifuani, na vijilango vidogo vya chini ambavyo mtu lazima atambae. Bi Zuwena akayapenda. Akawa anauliza, na Amal anamjibu kwa Kiarabu, na kilichonikera mimi ni kwamba yule mwanamke mwenye shahada zake nusu ya maswali alikuwa akijibu, "Hilo hatujui." Walikuwa watu gani hasa? Hatujui. Walisema lugha gani? Hatujui. Kwa nini milango midogo namna hii? Watu wanakisia, lakini kwa hakika hatujui.

Bi Zuwena akanigeukia. "Mbona huyu kila kitu hajui?"

"Vijana wa siku hizi hawasomi, Bibi," nikamnong'oneza (Amal ananizidi umri). "Milango ni midogo kwa sababu ya baridi."

"Baridi gani, Oman hii?"

"Zamani ilikuwepo. Hata Italia magofu yao ndivyo yalivyo, nimeyaona."

Mama alinikanyaga mguu. Magofu niliyoyaona mimi Italia ni kituo cha basi kimoja kilichogongwa na lori. Lakini Thuraya alikuwa anasikiliza, na mimi nikisikilizwa na Thuraya sina breki, nikaendelea kueleza mawe yalibebwaje, nani alikuwa mfalme, walikula nini, mpaka mtalii mmoja akaniuliza kwa Kiingereza kama na mimi ni kiongozi. Nikasema si rasmi.

Saa sita tukashuka kula. Chini ya kilima pana gofu la kaburi moja la peke yake, ukuta wake mmoja ndio uliosimama ukatoa kivuli, na pembeni yake, kwa heshima ya mbali kidogo, limesimama gari la chakula, jekundu, limefunguliwa ubavu, harufu ya mafuta ya moto na limau imejaa bonde zima. Bi Zuwena ndiye aliyetangulia kufika, maana miguu yake ilikuwa na fakhari siku ile. Mwenye gari, Carla, mwanamke mfupi wa makamo, unga umempanda mpaka viwikoni, akachungulia, akamuona Bi Zuwena anakuja na buibui lake linapepea, akaruka chini, akafungua mikono yake yote miwili na kupiga ukelele wa furaha:

"Nonna! Che bella nonna!"

Bi Zuwena akasimama hapo hapo alipofika.

Sasa nyinyi mnakijua Kiswahili chetu. Mtu hunenepa. Mtu huwanda. Mtu akiwa na wifi mbaya anaweza hata kuambiwa amefura. Lakini anayenona ni mbuzi. Ni ng'ombe, ni kuku wa harusi, kitu ambacho mtu anakitomasa mgongoni huku anaulizia kisu kiko wapi. Hilo si neno la kumpokelea mgeni, na si la kumpokelea mgeni aliyekula majani mwaka mzima.

"Nassor," akasema polepole. "Kanambia nini huyu?"

Jamani, neno "nonna" nilikuwa silijui. Kwenye pampu hakuna nonna. Na pale pale nilikuwa na nafasi ya kusema, "Sijui Bibi, ngoja tuulize," yakaisha. Badala yake nikafikiri (kama huko ni kufikiri): Mtaliano kasema nona, na huyu aliye mbele yake, pamoja na kilo zake kumi na moja zilizokwenda, bado kanona, basi bila shaka kwa bahati maneno yetu yamekutana. Kilichobaki ni kulipaka sukari.

"Anakusifu, Bibi," nikasema. "Anasema umenona. Kwao hiyo ni heshima kubwa."

Mama alifumba macho.

"Mie?" akasema Bi Zuwena. "Mie nimenona? Mie mbuzi wa Idi?"

"Kwao, Bibi, mtu akinona..."

"Mwaka mzima, Nassor! Majani!"

Thuraya alifunika mdomo kwa shela, mabega yanamtikisika, nikadhani analia. Bi Zuwena akainua uso kutafuta pa kutazama asinitazame mimi, na macho yake yakaenda kutua kwenye ubavu wa gari, ambako kwa herufi nyeupe za urefu wa mkono pameandikwa DA NONNA. Akasoma herufi moja moja, kwa sauti, kama alivyofundishwa skuli Unguja.

"Da. No. Na." Akayaunganisha. "Da Nona! Lahaula! Wameshaniandika!"

"Hilo jina la duka, Bibi."

"La duka la nani? Nani mwengine hapa Da Nona?" Akawatazama wageni waliokuwa wanashuka kilima mmoja mmoja, na wote, kwa bahati yangu, walikuwa wembamba kama watu waliotoka kuugua.

Carla haya yote hayajui. Anatabasamu tu. Watu wakapanga foleni, yeye akaja na mwiko wake akawasogeza wote pembeni, akamnyooshea mkono Bi Zuwena na kutangaza bonde zima lisikie, "Prima la nonna! Prima la nonna!"

Na mezani pale mbele, kwa mkosi wangu, palikuwa na mizani ya kupimia ngisi.

"Umemsikia?" Bi Zuwena sauti ilikuwa imeshuka, na mwanamke wa aina ile sauti ikishuka jitafutie pa kukimbilia. "'Pima, lanona.' Anataka nipimwe mbele za watu. Na hata 'anona' kaninyima, Mama Nassor, umesikia wewe mwenyewe? 'Lanona'! Jitu! Jipipa!"

Nikasema huenda hakukusudia. Carla akaweka mbele yake kifuko cha karatasi kimejaa ngisi wa kukaanga, juu yake mipira ya wali yenye jibini katikati, ubavuni vipande vya dengu bapa, bajia kabisa ila zimekanyagwa na gari, mlima mzima wa chakula, na wengine wote wamewekewa kiasi. (Alikuwa anamtukuza. Sasa najua. Wakati ule ilionekana kama mtu anamlisha mbuzi wake.)

Bi Zuwena hakugusa. Alijifunga shela vizuri, akajiweka sawa, akanambia, "Sasa mfasirie. Neno kwa neno, usipunguze. Mwambie mie nimezaa saba. Nimezika mume. Nimevuka bahari na watoto mgongoni nikaanza maisha upya katika nchi hii, na mawifi nilikuwa nao watano, na hata wao, hata wao, neno hili hawajapata kunambia. Mwambie ajitazame kwanza yeye, kimo chake hakifiki kinu. Mwambie."

Thuraya ananitazama. Mama ananitazama. Carla ananitazama, ameweka mikono pamoja, anangojea kusikia shukrani. Na foleni nzima nyuma yake, chakula wanakitaka, na wao wananitazama. Nikaitafuta lugha ya Kitaliano kichwani mwangu kona zote, nikafungua kila mlango, na kitu pekee nilichokikuta mle ndani kizima, kimekamilika, tayari kutumika, ni kimoja.

Nikamuelekeza Bi Zuwena kwa kiganja kilichofunguka, ndivyo tulivyofundishwa, pampu huionyeshi kwa kidole, nikasema kwa huzuni na kwa lafudhi nzuri sana:

"La pompa è rotta."

Tabasamu la Carla likaondoka. "La pompa?" akauliza, akajishika kifua upande wa kushoto. "Il cuore?"

Mimi nilipoona kajishika kifua nikadhani ameguswa, ameomba radhi kwa moyo wote, nikaona ah, kumbe kazi ya ukalimani si ngumu. "Sì, sì," nikasema. "Grazie."

Ukelele alioupiga nadhani walisikia mpaka Yiti. Mumewe, jibaba la kimya lililokuwa kwenye mafuta muda wote, liliruka dirishani na kijiko chake cha matundu, wakamkamata Bi Zuwena huyu huku na huyu huku, "Piano, nonna, piano!" (piano kwao ni polepole, niliambiwa baadaye), na Bi Zuwena ana nguvu zake lakini Carla amekanda unga maisha yake yote, wakampeleka kwenye kivuli, na kivuli kilikuwa kimoja tu bonde zima, cha ule ukuta wa kaburi. Wakamlaza pale. Wakampandisha miguu juu ya katoni la soda, wakampepea. Wakamvua viatu. Carla akamkamulia limau puani.

"Wananivua viatu! Nassor! Wananivua viatu! Kwani nnazikwa?"

Watalii wakazunguka duara. Mmoja akapenya akisema yeye daktari (baadaye tukajua ni wa meno), akamshika mkono anahesabu mapigo, na kwa hasira aliyokuwa nayo Bi Zuwena mapigo yalikuwa mengi kweli, daktari akatikisa kichwa, na wote waliomuona anatikisa kichwa wakatoa simu zao, wengine kupiga hospitali, wengine kupiga picha. Mama anasema kwa Kiarabu "hana kitu, hana kitu," na kila akisema watu wanamshika bega kumpa pole.

Na mimi? Mimi ningeweza kusema kwa Kiingereza, kwa sauti, kwamba ni uongo wangu. Nilikuwa na maneno yote ya Kiingereza ya kusemea hivyo. Nilichukua sinia nikaanza kupepea na mimi.

Bi Zuwena akanitazama kutoka chini pale, nywele zimemtoka kwenye shela, ganda la limau limemkaa shavuni. "Na wewe pia?" akasema.

Lile ndilo linalonirudia mpaka leo nikiwa peke yangu garini kwenye taa nyekundu.

Amal akaja mbio. Carla akamueleza kwa Kiingereza cha kuokoteza na mikono mingi, Amal akanigeukia akaniuliza kwa Kiarabu, "Bibi ana maradhi ya moyo?"

"Hana."

"Carla anasema wewe umemwambia pampu yake imeharibika."

Nikasema, "Pampu gani?" Ndiyo jibu nililolitoa. Mtu mzima, mwenye cheti.

Amal akamuacha mtu wa aina yangu, akapiga goti kwa Bi Zuwena akamuuliza yeye mwenyewe kuna nini, na Bi Zuwena akamueleza yote, tangu nona mpaka Da Nona mpaka pima lanona, na huku anaeleza Amal anauma mdomo, anauma mdomo, mwisho akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. "Bibi yangu," akasema akijifuta macho, "nonna ndiyo bibi. Kwa Kitaliano. Mama wa baba, mama wa mama, ndiye nonna. Alipokuona kakwambia, 'Bibi! Bibi mzuri ulioje!' Halafu foleni, kasema, 'Bibi kwanza.' Na gari limeandikwa 'Kwa Bibi', kwa sababu mapishi yote haya ni ya bibi yake."

Bi Zuwena akanyanyuka akakaa. "Bibi kwanza?"

"Bibi kwanza."

Akajipangusa mchanga mikononi. Carla, alipoelezwa na yeye kilichotokea, alilia na kucheka kwa pamoja, akambusu Bi Zuwena kichwani, akamvisha viatu kwa mikono yake, na Bi Zuwena akaomba kile kifuko cha karatasi akala ngisi wote na mipira mitatu ya wali, akasema Ijumaa hii hajipimi. Mama akatoa dele la kahawa, Carla akanywa vikombe vinne, wakawa wanaonyeshana kwa vidole vipi dengu hukorogwa. Kila mtu akasameheana na kila mtu. Thuraya yale mabega yaliyokuwa yakitikisika kumbe alikuwa akicheka tangu mwanzo, lakini aliponigeukia mimi hakuwa anacheka tena. Chakula kilikuwa kitamu, wanasema. Mimi nilisimama karibu na tairi.

Njiani kurudi, tulipofika karibu na kwao, ndiyo Bi Zuwena akasema, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Nassor."

"Naam, Bibi."

"Kuitwa nona na mtu asonijua, mie lingenipita. Lakini mie nilikuuliza wewe. Ukanambia ndiyo, nimeitwa nona, na nifurahi. Hukuwa unajua, ukanitia lile neno kifuani kwa mkono wako." Akatazama nje kidogo. "Siku mjukuu wangu atapokuwa kalala hospitali, daktari aseme neno usolijua, na yeye akugeukie akuulize, 'Nassor, kasema nini?' Utamwambia nini?"

Yale ya bondeni yalikuwa ya kuchekwa tu, aibu ya kweli ilinishuka pale, mikono kwenye usukani, na ningelia kama mama yangu asingekuwa kiti cha mbele. Walishuka. Mama akauliza kwa unyonge kuhusu jawabu. "Ntalituma," akasema Bi Zuwena.

Video ilifika Zanzibar kabla sisi hatujafika Ansab. Kila kundi la simu la ukoo likawa nayo, mimi na sinia langu, na kazini mpaka leo nikipita mtu anajishika kifua na kuanguka kwenye kiti. Hayo nayastahimili. Kisichostahimilika kilikuwa ujumbe wa Thuraya, mmoja tu katika wiki tatu: "Bibi hataki kuizungumza khabari yako. Usinipigie."

Ndani ya wiki tatu hizo nikaweka nadhiri, sitasema najua nisichokijua, na kama kawaida yangu nikapita kiasi. Nilimwambia mkubwa wangu kazini sijui pampu namba mbili ina shida gani, ngoja nikaifungue nione (aliniuliza kama naumwa). Mtu akiniuliza njia nasema sijui hata nyumba ikiwa ya kwetu.

Halafu asubuhi moja, niko mtamboni, mashine zinanguruma, simu ikalia. Nikakimbilia nje.

"Nassor."

"Naam, Bibi. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nna suala moja tu. Nikikupa mjukuu wangu, utamuweka raha?"

Wiki tatu nilikuwa nikilitayarisha jibu la suala hilo hilo. Nilikuwa na ahadi, nilikuwa na viapo, nilikuwa na maneno mazuri ya kumtoa mtu machozi, nikafungua mdomo yatoke.

"Sijui, Bibi," nikasema. "Nnataka sana. Lakini sijui."

Nikamsikia anavuta kiti akakaa.

"Hata mie sijui," akasema. "Na babu yake Thuraya siku aliyonioa hakujua. Mwambie babaako aje Ijumaa."